Vidole Vilivyonusa Dhahabu

Mwanangu, ninaikumbuka vizuri siku niliyoambiwa kwamba vidole vyangu vinanusa dhahabu. Aliyeniambia ni Omolo, rafiki yangu, mtu mrefu mwembamba ambaye tulikuwa tukiosha naye mchanga huko machimboni Nyatike, upande wa chini wa Migori. Nilikuwa nimemlalamikia kwamba kwa wiki tatu mikono yangu imekuwa ikidungadunga kama nimekumbatia kichaka cha miiba, hasa kwenye ncha za vidole. Omolo aliweka karai lake chini, akanitazama kama mtu aliyemwona malaika akinunua dagaa wa omena.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "hiyo si ugonjwa. Hiyo ni dhahabu inakuita."

Akanieleza. Ati damu ya mtu ikishazoea dhahabu, mishipa yake inageuka waya, na mwamba wenye mali ukiwa karibu, vidole vinatetemeka kama redio inayotafuta stesheni ya Mwanza. Ati kulikuwa na mchimbaji mmoja ng'ambo ya mpaka, alikwenda kumzika shemeji yake, akainama kuchota udongo wa kutupia kaburini, mkono ukamruka. Akapiga kelele, "Mtoeni!" Shemeji akatolewa, akazikwa kwingine, na pale pale kaburini wakachimba dhahabu ya kujaza mtumbwi.

Niliamini. Usinicheke haraka, mwanangu, hata wewe kuna jambo unaloliamini leo ambalo wajukuu wako watalicheka mpaka waanguke. Niliamini yote, kuanzia waya mpaka shemeji.

Lazima nikueleze kazi yetu kidogo ndipo uupime vizuri ujinga wangu. Mawe yakishasagwa yanakuwa unga, unga unaoshwa, na ule mchanga mzito unaobaki unatiwa zebaki, yale maji ya fedha yasiyolowesha kitu. Unaukoroga kwa mikono mitupu ndani ya karai, kama mama anayekanda unga wa chapati, mpaka zebaki ikamate kila chembe ya dhahabu. Halafu unakamua kwa kitambaa, unabaki na donge la rangi ya bati, ukubwa wa njugu. Donge hilo unaliweka kwenye kifuniko cha kopo juu ya jiko la makaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Kukoroga na kuchoma ilikuwa kazi yangu, kwa sababu nilisifika kwa mikono miepesi. Nimekoroga makarai ya kutosha kuogesha ng'ombe wote wa soko la Ogwedhi, na wenye ng'ombe pia.

Basi Omolo akaitangaza habari. Wanaume wakanifuata shambani, mimi mbele nimenyoosha mikono kama mtu anayepapasa gizani. Vidole vilipodunga zaidi nilisimama, nao wakachimba. Shimo la kwanza lilitoa mizizi. La pili likatoa sufuria kuukuu isiyo na kitako. La tatu lilitoa siafu, na siafu hao walitukimbiza mpaka nusura tuingie Tanzania bila karatasi. Shimo la nne lilitoa dhahabu kidogo, chembe za kujaza ukucha, na hapo ndipo nilipoharibika kabisa. Hakuna aliyekumbuka kwamba eneo lile lote lina dhahabu, hata kuku akiparua anaweza kuiokota. Wakaniita Lwedo, yaani Mkono. Nikaanza kutembea katikati ya barabara, pikipiki zinikwepe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji, nilitia ziwa zima.

Na mikono ilikuwa inazidi. Kudungadunga kukapanda mpaka viwikoni, kisha ncha za vidole zikaanza kufa ganzi. Kufunga vifungo vya shati kukawa safari ndefu. Wakati ule nilikuwa nimejiandikisha masomo ya jioni, yale ya watu wazima, tukikaa kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yakigusa masikio. Nilikuwa nimefika mahali pa kuandika barua nzima bila kuuliza mtu. Ghafla herufi zangu zikaanza kutambaa ovyo kwenye mstari. Mwalimu aliinama karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekunywa. Sikuwa nimekunywa. Nilifunga daftari, na muhula ule sikurudi tena.

Kuna jambo jingine pia, gumu zaidi kulisimulia. Mimi ni mtu wa watu. Nikicheka Kendu Bay, wavuvi wa Homa Bay wanageuza shingo. Lakini miezi ile nilianza kuona haya bila sababu. Mtu akinisalimu kwa nyuma, moyo uliruka kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Nilimtukana Omolo, rafiki yangu wa karibu kuliko wote, kwa sababu alitumia kijiko changu. Nikaanza kula peke yangu, nimeipa njia mgongo. Mashimo yangu nayo yalikuwa hayatoi kitu tena, na wale walioniita Lwedo wakaanza kunong'ona kwamba nimepatwa na chira, ile laana ambayo kwetu inasemekana humpata mtu aliyevunja mwiko wa nyumbani.

Hawakunitukana. Waliacha tu kunipa mkono. Kwetu, kumsalimu mtu bila kumpa mkono ni kama kupita mlangoni pake bila kubisha. Walikuwa wakiinua kidevu kidogo, wanapita. Mimi nilikuwa nikirudi kwenye chumba changu cha mabati, nikiisimulia redio habari za siku nzima. Redio haikuwahi kuniuliza swali hata moja.

Nyumbani kwetu ni Kendu Bay. Mke wangu Akoth alikuwa amejifungua binti, mtoto wetu wa kwanza, nami nikaenda kumwona. Nilifika nimevaa shati jipya lenye vifungo viwili tu vilivyofungwa. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Akoth akaniletea mtoto, akaniwekea mikononi.

"Mshike, Baba Atieno," akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita kwa jina la binti yangu.

Nilimshika. Nakuapia, mwanangu, nilimshika. Lakini mikono yangu haikuniambia kama nimemshika au la. Nilimwona akiteleza kabla sijahisi chochote. Mama alimdaka kwa leso yake, chini kidogo ya goti langu, na mtoto hakuamka hata. Akoth alimchukua, akampapasa kichwa, akampapasa mgongo, kisha akaniangalia. Macho yale niliyasoma nilivyotaka mwenyewe. Niliyasoma kama hukumu. Nikasema nina kazi inayoningoja, nikaondoka kabla chai haijachemka.

Simu yangu ya kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, ilikuwa na mlio wa jogoo. Jogoo yule aliwika siku hiyo hiyo, akawika kesho yake, akawika wiki tatu. Niliona jina la Akoth kila mara, nikamwacha awike. Kisha akanyamaza. Nami nikajiambia, unaona? Wamekukataa. Mtu mpweke ni hakimu mbaya sana, mwanangu. Anakata kesi bila kumsikiliza shahidi hata mmoja, na mshtakiwa ni yeye mwenyewe.

Ikapita miezi saba. Nilijua Atieno sasa anaketi, labda anatambaa, labda ana meno. Nilikuwa nikihesabu kwa watoto wa wengine. Nikimwona mama amebeba mtoto wa umri ule, ninatazama pembeni.

Siku moja ya soko nilikuwa Migori mjini, kwa Mzee Salim. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani miaka mingi nyuma, akiuza chai na mahamri karibu na steji ya matatu. Nilipenda kukaa kwake kwa sababu hakuwa ananijua. Alinitengea chai kwenye glasi, akaenda kwa mteja mwingine. Nikaikumbatia ile glasi kwa viganja vyote viwili, nikawa natazama watu wakipita. Nikamsikia akirudi mbio, na mtu mwenyewe alikuwa na tumbo lisilozoea mbio.

"Wewe! Weka chini! Weka chini hiyo glasi!"

"Kuna nini, mzee?"

"Chai imetoka motoni sasa hivi. Mimi mwenyewe nimeibeba na kitambaa. Hebu tazama mikono yako!"

Nikatazama. Viganja vilikuwa vyekundu, malengelenge yameanza kuinuka. Sikuwa nimehisi kitu. Mzee Salim alinivuta mpaka kwenye mtungi, akanimwagia maji kata baada ya kata, huku akinitazama usoni.

"Tangu lini huhisi?"

"Mwaka na kitu."

"Na hospitali wamekwambiaje?"

Sikuwa nimekwenda hospitali. Nikamweleza habari za dhahabu. Nilimweleza mpaka za shemeji aliyehamishwa kaburi. Hadithi ile ilikuwa imewachekesha hata wanaoiamini, lakini yeye hakucheka.

"Hebu nisikize, kijana. Mkono wako haujui moto ulioushika, halafu waniambia wajua dhahabu iliyo chini ya ardhi? Dhahabu gani hiyo iliyo moto kushinda chai yangu?"

Nikasema, "Mzee, watu wanasema ni chira. Nikienda hospitali, kila mtu atajua niko na shida."

"Watu! Hao watu wamekufikisha wapi? Mficha maradhi kifo humuumbua. Kufa kwenyewe si lazima kuwe kwa kuzikwa. Mimi nakuona hapa kila siku ya soko, wakaa peke yako, huongei na mtu, waondoka. Hivyo ndivyo wazima wanavyoishi? Haya, simama."

Akamwomba jirani yake muuza viatu amwangalizie meza. Akanishika kifundo cha mkono, pale pasipoungua, tukavuka barabara, tukapita mbele za watu wote, na hakuniachia mpaka tulipofika kwenye foleni ya hospitali. Ilikuwa miezi mingi tangu mtu anishike mkono. Sikumhisi. Nilimwona tu, vidole vyake vinene vimezunguka kifundo changu, na njia nzima niliangalia hapo, sikuangalia ninapokanyaga.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka, mwenye miwani na sauti isiyo na haraka. Alinifunga viganja vizuri, kisha akasema, "Sasa Baba, funga macho. Nitakugusa vidole na hii pini. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Nikafumba macho. Nikangoja. Nikaendelea kungoja mpaka nikachoka.

"Daktari, si uanze basi," nikasema.

Akaiweka pini mezani. "Nimeshakugusa mara sita."

Mwanangu, nimesikia milango mingi ikifungwa maishani, lakini huo ndio mlango uliofungwa kwa sauti kubwa kuliko yote.

Akapima sukari. Akatoa damu. Akauliza kama nakunywa pombe, kama niliwahi kuumia shingo, kama kuna dawa ninayomeza, kama miguu nayo inadunga. Kisha akauliza kazi yangu. Nilipomweleza habari ya vidole vinavyonusa dhahabu, kisha ya kukoroga, kalamu yake ikasimama.

"Na kuchoma, unachomea wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Dirisha likiwa wazi?"

"Ah, daktari! Dirisha nafunga, mlango nafunga, na chini ya mlango naziba na gunia. Wezi wakinusa tu unachoma, wamefika." Hapo nilijiona mjanja. Kule machimboni tulifanya hivyo sote, na aliyeziba vizuri zaidi ndiye tuliyemsifu kwa akili.

"Jiko hilo hilo ndilo unapikia?"

"Niko na moja tu."

Akavua miwani.

"Baba, mikono yako haisikii dhahabu. Mikono yako inaacha kusikia. Zebaki ukiichoma haiendi popote, inakuwa mvuke, na wewe umejifungia nayo ndani ukiivuta. Tutapima mkojo tuwe na hakika, lakini nadhani ni sumu hiyo imeingia kwenye mishipa ya fahamu. Hakuna kitu kinakuita."

Kisha nikauliza kile ambacho sikuwa nimekusudia kuuliza. "Na hizi hasira? Na hii haya ya kuogopa watu?"

"Hiyo pia inaweza kuwa kazi yake. Inamfanya mtu akimbie watu. Unakimbia watu?"

Nililia pale kitini kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa la mama. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima nikidhani nimekuwa mtu mbaya. Nilipopata sauti nikamuuliza kama nitaweza kumbeba binti yangu.

"Sijui," akasema. "Ukiacha leo, una nafasi nzuri. Ukirudi kwenye hilo jiko, hapana."

Majibu ya mkojo yalipokuja baada ya wiki kadhaa yalikuwa vile vile alivyosema, na akanipa barua ya kwenda hospitali kubwa zaidi. Lakini siku ile ile, kwenye benchi la nje, nilimpa Mzee Salim simu yangu, kwa kuwa bandeji zilikuwa zimenifanya bondia, naye akabonyeza namba ya Akoth akaniwekea sikioni.

"Ni mimi," nikasema.

"Mimi nani?"

"Baba Atieno."

"Kumbe uko hai."

Nikamweleza haraka haraka, pini, zebaki, jiko, gunia la mlangoni. Nikamwambia, "Najua mlinikataa tangu siku ile ya mtoto, na sikulaumu, lakini nilitaka ujue haikuwa..."

"Nani alikukataa?" Akoth alinikatiza. "Wewe, sikiza. Siku ile nilikuwa naangalia mkono wako. Niliuona unatetemeka. Nikapiga simu nikuulize unaumwa na nini. Mama akampigia Omolo, Omolo akasema uko sawa, unatafuta dhahabu. Hapa hakuna mtu alikukataa. Ni wewe hukushika simu."

Basi. Maneno yale hayakuwa na methali ndani yake, wala ukali. Miezi saba ya hukumu yangu ikaisha hivyo, kama mtu anayezima taa.

Nilirudi nyumbani wiki hiyo. Atieno alikuwa anatambaa, akaniona akatambaa mbio kwa mama yangu, na ilichukua siku nyingi kabla hajanizoea. Mara ya kwanza kumpakata niliketi mkekani, na Akoth akaweka mkono wake chini ya wangu. Hisia zilirudi polepole, mwaka na zaidi, kama mgeni asiye na hakika ya njia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudi kabisa mpaka leo. Nilirudi kwenye masomo ya jioni pia, nikamaliza. Lakini meno ya kwanza ya binti yangu sikuyaona, na hakuna hospitali inayorudisha hayo. Omolo nilimfuata mara mbili kumweleza. Mara ya kwanza alinicheka. Mara ya pili nilimkuta anakunywa chai kwa kikombe alichokishika kwa mikono miwili, kinagonga meno. Alisema hana nafasi ya kwenda hospitali. Kisha akavuka mpaka, na sijasikia habari zake tena. Ninamkumbuka kuliko ninavyopenda kusema.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mikono yako ikidunga siku moja kwa sababu uliilalia, inyooshe uendelee na maisha. Lakini ikidunga leo, na kesho, na wiki ijayo, au ikifa ganzi ukawa unaangusha vitu, nenda kwa daktari. Usidhani ugonjwa wako ni sawa na wangu. Mimi ilikuwa zebaki, wewe inaweza kuwa sukari, au upungufu wa vitamini kwenye damu, au mshipa uliobanwa kifundoni kwa kushona au kuendesha pikipiki kutwa. Wala si kazi yangu wala ya rafiki yako kujua ni ipi. Na kama ganzi inakuja ghafla, upande mmoja, mdomo ukapinda au ulimi ukawa mzito, hapo usingoje hata viatu, ukimbizwe hospitali. Ukifika mbele ya daktari mweleze kazi yako yote, hata ile sehemu unayojiona mjanja, maana mara nyingi shida imejificha hapo hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimejenga ukuta, najua bei ya kila tofali. Juu ya yote, waambie watu wako. Usikae peke yako ukiwajibia maswali ambayo hawajaulizwa.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akuwekee watu wa kukaa nawe unapoumwa, akupe ulimi wa kuwaambia mapema, na siku utakapopewa mtoto wako wa kwanza, mikono yako yote miwili iujue uzito wake.